Umeongeza Injini, Breki Je?

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili. Masomo: 1 Samweli 25:2–35 na 2 Samweli 11.

Kwa wale ambao hamkuwa nasi, haya ni maneno ya Jumapili yakiwa yamefupishwa. Sehemu moja tu nimeirefusha, ile ya breki, kwa sababu baada ya ibada vijana walinizunguka pale kwa maegesho na maswali mengi kuliko yale ninayoulizwa kuhusu kitabu cha Ufunuo.

Fungua 1 Samweli 25. Samweli amekufa, Sauli bado anamwinda Daudi, na Daudi anaishi nyikani na watu kama 600 wanaotaka kula. Hao watu wake wamekuwa wakiwalinda wachungaji wa tajiri mmoja anayeitwa Nabali, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Siku ya kukata manyoya ilikuwa siku ya karamu. Daudi akatuma vijana 10, kwa heshima, waombe chochote kilichoko. Nabali akawatukana, akamfanya Daudi kama mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake.

Sasa angalia. Sura mbili nyuma, kwenye mambo ya Keila, Daudi alimuuliza Mungu kwanza kama aende vitani. Tena akauliza mara ya pili. Hapa hauoni swali. Hauoni maombi. Neno moja tu: kila mtu afunge upanga wake. Watu 400 wanaondoka, 200 wanabaki na mizigo, na Daudi ameshaapa kwamba kufikia asubuhi hakuna mwanamume wa nyumba ya Nabali atakayebaki. Wachungaji wasio na kosa wamo ndani ya hesabu hiyo. Wapishi wamo. Tusi ni la mtu mmoja, lakini adhabu imeshapigwa kwa boma zima.

Aya ya 20 inasema walikutana mahali ambapo Abigaili, mke wa Nabali, alikuwa anateremka mlima juu ya punda, na Daudi na watu wake wanateremka kumwelekea. Jeshi liko kwenye mteremko. Wanaume 400 wenye hasira, hawana kitu cha kuwashikilia. Na mama mmoja amebeba mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, zabibu, na mikate ya tini 200. Wapendwa, hiyo ndiyo breki. Mko na mimi?

Niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Kuna kijana wetu hapa, amenipa ruhusa niseme bila jina, ambaye alinunua Impreza ya kawaida, ile ambayo ilitoka kiwandani bila turbo, ya nguvu za farasi kama 100. Akafanya kazi, akaweka akiba, na simlaumu kwa hilo, pesa ni yake na aliipata kwa jasho. Akatafuta injini ya WRX kutoka Japani, ya turbo, nguvu za farasi 250. Akabadilisha ekzosi. Akaweka rimu. Akaleta gari hapa tuliombee. Mimi naendesha Probox, kwa hivyo sina cha kujivunia kwa mambo ya spidi, lakini nilipiga magoti nikachungulia nyuma ya rimu ya mbele, nikamuuliza, "Ndugu, na breki?" Akanijibu, "Pasta, breki ziko sawa, zinashika."

Na alisema kweli. Zilikuwa zinashika. Pale kwa maegesho, kwa kilomita 20 kwa saa, kila breki inashika.

Wiki chache baadaye alikuwa anawapeleka mama yake na dada zake wawili Narok. Wakapita njia ya chini, ile ya kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu. Mnaijua. Lori mbele, unapita, unakanyaga breki, kona, unakanyaga, lori lingine. Mama ndiye aliyesikia harufu kwanza, kama nguo inayoungua na pasi. Kijana akakanyaga, pedali ikashuka zaidi ya kawaida. Akakanyaga tena, ikaenda karibu sakafuni. Mungu ni mwema, alikuwa karibu kumaliza mteremko na akakumbuka kurudisha gia chini. Walisimama karibu na kile kanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Mama aliniambia hakushuka kwa gari kwa muda, miguu ilikataa.

Ilikuwa nini? Nilimuuliza ndugu yetu wa kwaya ambaye ni fundi, na nimejifunza mengi kwake. Wacha niwaeleze vizuri, kwa maana hapa kuna mahubiri mawili ndani ya moja, na mojawapo litaokoa maisha ya mtu hata kama halikubali lile lingine.

Breki haifuti mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Pedi zinabana diski, zinasuguana, na ule mwendo wote wa gari unaingia kwenye chuma kama moto. Na moto huo hauongezeki vile watu wanafikiria. Ukitoka 60 kwenda 120, kazi ya breki haiwi mara mbili; inakuwa mara nne. Ukitoka 80 kwenda 120, umeongeza nusu tu ya mwendo, lakini breki inabeba mara mbili na robo. Ndiyo maana mtu anaweka injini kubwa na haoni tofauti yoyote mjini, ambako sheria ni 50 na foleni yenyewe haikuruhusu hata 30. Tofauti inamngoja barabara kuu, kwenye mteremko, gari likiwa limejaa watu.

Halafu kuna mafuta ya breki. Haya ndiyo yaliyotaka kumuua kijana wetu. Ukikanyaga pedali, mguu wako haugusi gurudumu. Unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi. Mafuta hayakubali kubanwa, na hapo ndipo nguvu yake iko. Lakini mafuta haya ya kawaida yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia hosi za raba na kwenye mfuniko. Hayavuji. Kipimo kinabaki pale pale. Ukifungua boneti unaona yamejaa, unasema asante Yesu, unafunga. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango chake kinahesabiwa 155. DOT 3 inaanza na 205, na ikilowa ni 140. Sasa diski ikiwa moto kama jiko, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, unabana hewa. Gari linaendelea.

Mafuta ya yule kijana hakuna aliyejua yalibadilishwa lini. Yalikuja na gari.

Nikasema moyoni, hii nawajua watu wangapi? Mtu hajavuja popote. Yuko ibadani kila Jumapili, fungu la kumi analeta, anahudumu. Kipimo kimejaa. Lakini miaka imepita hajakaa chini na mtu akaambiwa ukweli, na unyevu umeingia polepole: kinyongo kidogo na bosi, meseji kidogo ambazo hazifai, mkopo mdogo ambao nyumbani haujulikani. Kwa siku za kawaida anasimama vizuri. Ngoja joto lije. Ngoja apandishwe cheo, au atukanwe mbele ya watu kama Daudi. Anakanyaga na hakuna kitu.

Fundi anasema badilisha mafuta kila miaka miwili, hata kama gari halijakwenda mbali. Mimi sina mahali pa kuongeza hapo.

Sasa, kijana wetu alipotengeneza gari, alitaka kuruka moja kwa moja kwa kalipa kubwa, zile za Brembo za STI, za dhahabu, zinazoonekana kwa rimu. Nikuulize, kwa nini kitu cha kwanza tunachotaka ni kile kinachoonekana? Fundi alimshika mkono. Alimwambia Brembo hizo zinatumia diski ya mbele ya milimita 326 na zinahitaji rimu ya inchi 17, na yeye alikuwa na 16. Kalipa za Subaru za pistoni nne, mbili kila upande, zinatumia diski ya milimita 294 na kwa kawaida zinaingia ndani ya 16. Bado ni hatua kubwa kutoka zile zake, ambazo zilikuwa zinasukuma kutoka upande mmoja tu. Diski ikiwa pana zaidi pedi inashika mbali zaidi na katikati, kama vile spana ndefu inavyofungua nati rahisi, na chuma kikiwa kingi zaidi kinabeba joto zaidi kabla ya kuchoka.

Lakini kabla ya hiyo kalipa, fundi alianza na tairi. Kijana alishangaa. Matairi yake yalikuwa ya bei ya chini kabisa, yameanza kuwa magumu. Fundi akamwambia hivi: kinachosimamisha gari mwisho wa yote ni sehemu nne ndogo za raba zinazogusa lami. Kama breki zako za zamani zinaweza kufunga gurudumu hadi liteleze, au kufanya ABS ianze kutetemeka, basi kwa kusimama mara moja breki kubwa haitakusaidia; tayari umefika mwisho wa uwezo wa tairi. Faida ya breki kubwa ni mara ya tano, ya sita, ya kumi, kwenye mteremko, zile ndogo zikiwa zimechoka kwa joto. Kwa hivyo tairi nzuri kwanza, mafuta mapya, hosi zikaguliwe kama hazijapasuka au hazivimbi ukikanyaga, pedi nzuri, halafu ndio uzungumze habari ya kalipa.

Na ukibadilisha kalipa za mbele, usisahau za nyuma na ile masta silinda. Pistoni zikiwa kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusukumwa, pedali inakuwa ndefu, na kama haujapangilia mbele na nyuma gari linapoteza mizani yake. Zile sehemu hutengenezwa zikijuana. Usiokote moja Kirinyaga Road, nyingine Grogan, nyingine kwa rafiki, ukazifunga pamoja kwa imani. Fundi ajue zinalingana.

Kuna jambo la pedi lilinifanya nicheke na kisha nikanyamaza. Kijana alikuwa ameambiwa na marafiki anunue pedi za mashindano, za barabara za mbio. Fundi akakataa. Pedi hizo zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa moto sana. Zikiwa baridi hazishiki vizuri. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi, unatoka kwa geti lako, mtoto wa shule anavuka, unakanyaga, na pedi bado inasubiri kupata moto. Kwa gari la barabarani unahitaji pedi inayoshika ikiwa baridi na isiyochoka haraka ikiwa moto. Wapendwa, tuna watu hapa ambao wakiwa kwenye kesha, kwaya imeshika, machozi yanatoka, hakuna dhambi inaweza kuwagusa. Wako moto. Jumatatu saa mbili asubuhi ofisini, kabla hawajapata joto, wanamtukana mlinzi wa geti. Kiasi ni tunda la Roho, Wagalatia 5, na tunda hilo ni la matumizi ya barabarani, kwa Jumatatu yenye baridi. Mtu aseme amina.

Na ukishafunga pedi na diski mpya, hauendi mbio siku hiyo hiyo. Zinafundishwa. Unatafuta barabara isiyo na watu, unapunguza mwendo kutoka kama 80 hadi karibu kusimama, bila kusimama kabisa, mara nane au kumi hivi, halafu unaliendesha gari polepole lipoe. Ukisimama ukashikilia pedali wakati diski ni moto, pedi inaacha alama mahali pamoja, na baadaye gari linatetemeka kila ukikanyaga. Kijana alifanya hivyo Jumamosi moja asubuhi, fundi akiwa ameketi kando yake.

Turudi kwa Abigaili.

Kwanza, angalia joto linaenda wapi. Abigaili alipofika mbele ya Daudi alianguka chini, na jambo la kwanza akaomba lawama imwangukie yeye. Yeye ambaye hakuwepo vijana walipotukanwa. Alijiweka katikati ya gurudumu na mwendo wake, akabeba moto. Hasira ya wanaume 400 haikuyeyuka hewani, iliingia ndani ya mtu. Wako akina mama hapa wamekuwa diski za familia zao kwa miaka 20. Mtoto akilewa, joto kwa mama. Baba akikasirika, joto kwa mama. Na diski ikibeba moto kuliko unene wake inapasuka, hiyo si suala la imani. Kama kwenu ni mtu mmoja tu anayewazuia nyote, mmeweka injini ya 250 kwa diski ya gari dogo. Ongezeni. Mjomba azungumze. Kiongozi wa ushirika wa nyumbani aitwe. Yethro alimwambia Musa jambo kama hilo, Kutoka 18, kwamba kazi hiyo itamchosha yeye na watu pamoja, akamwelekeza aweke wengine wa kubeba naye.

Pili, na wanaume mnisikilize. Tuna mzaha huu wa kumwita mke "handibreki". Ukialikwa mahali unasema, "Siwezi kuja, nimekuja na handibreki." Watu wanacheka. Sawa, tucheke. Lakini unajua handibreki ni ya nini? Inafunga magurudumu ya nyuma tu, na imetengenezwa kushikilia gari ambalo limeshasimama. Ukiivuta kwa kilomita 100 kwa saa, magurudumu ya nyuma yanafunga na gari linazunguka. Sasa wewe umechukua mkopo mwezi wa pili, umeweka shamba dhamana mwezi wa nne, mke anajua mwezi wa tisa wakati dalali ameshapiga simu. Akivuta hapo, nyumba inazunguka, halafu unasema mke wangu alinivuruga. Hapana. Ulimfanya handibreki. Abigaili alifika kabla ya upanga kutolewa. Mpe mke wako pedali ya katikati, ile inayokanyagwa mapema, kwa magurudumu yote manne. Na dada, ukipewa pedali hiyo, mwone Abigaili: alileta chakula kabla ya hoja, alizungumza na Daudi kwa heshima, na hakumwambia Nabali kitu usiku ule kwa sababu alikuwa amelewa. Alingoja asubuhi. Kuna kukanyaga na kuna kukanyaga.

Tatu, biashara. Nilisomea biashara chuoni, na kitu kimoja ambacho hakijaniacha ni kwamba kuna kampuni zinazokufa zikiwa na oda nyingi. Sio kwa kukosa wateja. Mtu anauza mitungi 10 ya gesi kwa siku, anapata mkataba wa 200, anachukua mali kwa mkopo, mteja mkubwa atalipa baada ya siku 90, lakini mshahara ni mwisho wa mwezi na kodi ni tarehe 5. Mauzo yanapanda kwenye karatasi na pesa mkononi zinaisha. Ile oda kubwa ni injini. Uwezo wa kusema oda hii hatuwezi sasa, leteni nusu, hiyo ni breki, na haipatikani siku oda inakuja. Chama chenu kilianza na shilingi 20,000 na daftari moja kwa mkono wa mweka hazina. Sasa kina milioni mbili. Daftari ni lile lile, mkono ni ule ule. Yeye ni mwaminifu? Ndiyo. Hata zile breki za kijana zilikuwa zinashika. Wekeni sahihi ya pili, mtu wa tatu akague, na mfanye hivyo wakati hakuna anayeshukiwa, ili isiwe tusi kwa mtu.

Mwezi wa kwanza tuliomba hapa siku 21. Nilikuwa nawasikia. Milango ifunguke, Bwana. Cheo. Biashara ipae. Gari. Nami niliitikia amina na sijutii. Lakini sikumsikia hata mmoja akija mbele akisema, "Pasta, niombee nipate mtu wa kunikataza."

Ndipo tunafika 2 Samweli 11. Daudi yule yule. Sasa hana watu 400, ana taifa. Injini imeongezwa, na ni Mungu ndiye aliyeiongeza, kwa hivyo usije ukafikiri nguvu zenyewe ni dhambi. Anamwona mke wa mtu akioga. Anatuma kuuliza. Na soma aya ya 3 polepole: kuna mtu alimjibu kwamba huyu ni Bathsheba, binti wa Eliamu, mke wa Uria. Mtu huyo hana jina, lakini alikanyaga. Alimwambia mfalme, kwa njia ambayo mtumishi anaweza, kwamba huyu ana baba na ana mume. Pedali ikaenda sakafuni. Baadaye Uria mwenyewe, bila kujua, akakataa kwenda kulala nyumbani wakati wenzake wako vitani. Hiyo nayo ilikuwa breki. Ikaenda sakafuni. Yoabu alipopata barua hakuuliza kitu, alitii tu. Kuzungukwa na watu wanaokutii tu ni kama kuteremka Mai Mahiu ukiwa nyutro, vile madereva wa malori walikuwa wakifanya pale Salgaa ili waokoe mafuta. Gari linakwenda kimya, tamu kabisa.

Na Abigaili? Nabali alikufa siku kama 10 baada ya mambo yale, na Daudi akamwoa Abigaili. Yule mwanamke aliyemsimamisha kwenye mteremko akaingia nyumbani mwake. Lakini sura ya 11 haimtaji hata mara moja. Mtu anaweza kuwa na breki nzuri kabisa, na risiti anayo, na ziko ndani ya boksi nyumbani.

Najua kuna wale watasema, Pasta, siku hizi unahubiri gereji, damu ya Yesu inatufunika. Inatufunika, na stika ya maneno hayo nimeiona kwenye vioo vya magari yenu na naipenda. Lakini Bwana wetu alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, alikataa. Alisema Mungu hajaribiwi. Na yule anayenunua mafuta ya upako kila mwaka ilhali mafuta ya breki ni ya mwenye gari wa kwanza kule Japani, nimwambie kwa upendo: ni mikebe miwili tofauti. Tafadhali usije ukamimina moja kwenye nyingine. Mafuta ya aina nyingine yanaharibu zile raba ndani ya silinda, na DOT 5, ile ya silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4, ingawa 5.1 jina lake linafanana nayo.

Jumapili iliyopita niliwaomba watu wafanye jambo moja na sikuwaita mbele. Nilisema toa simu, andika jina la mtu mmoja ambaye umempa ruhusa akukataze, na akikukataza utasimama. Sio mtu anayekupenda tu. Mtu ambaye umewahi kumtii kwa kitu ulichokitaka sana. Niliona wengine wakiandika haraka. Niliona wengine, na ni watu wakubwa hapa kanisani, wameshika simu dakika nzima kidole hakisogei. Kama ulikuwa mmoja wao, ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Hauhitaji kueleza kitu ukifika mlangoni.

Sasa tangazo. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, ndugu yetu fundi atakuwa kwa maegesho upande wa tangi la maji na jeki, tochi, na kile kifaa kidogo cha kupima kama mafuta ya breki yamekunywa maji. Atakagua unene wa pedi, hosi na matairi bila malipo. Spea utanunua mwenyewe mahali unapoaminia. Magari yanayobeba watoto wa Shule ya Jumapili kwenda kambini yatangulie, halafu wale wanaosafiri mashambani, halafu sisi wengine. Wenye bodaboda pia mje, msidhani mmeachwa. Usije gari likiwa moto kutoka barabarani, liache lipoe kwanza, na kama unajua mafuta yalibadilishwa lini andika tarehe kwa kikaratasi. Mwenye Impreza amesema atakuwa hapo kushika tochi.